Ulimi wa Kuazima

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimefika kazini viatu vimelowa. Birika lilikuwa linachemka, karani wangu Athumani amekwishapanga vikombe mezani, safu ndefu, kila kikombe na shehena yake. Majani, maji ya moto, mfuniko, subiri, mimina bakulini. Kisha mimi na kijiko changu. Vuta, zungusha mdomoni, tema kwenye ndoo, taja sifa zake, songa. Athumani anaandika. Ndiyo kazi yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi: kuonja chai ya watu kabla haijapakiwa melini.

Leo wameniletea mwanafunzi wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Msichana. Anaitwa Kadzo, kwao Kaloleni, anasomea mambo ya vyakula chuoni, amefikia kwa shangazi yake Shika Adabu, kule Likoni. Sikuulizwa kama nataka mtu. Bwana Muriuki, meneja wetu, alimleta mpaka mlangoni, akasema, "Mama, huyu ni wako mpaka mwisho wa Julai," akaenda zake na simu sikioni. Waliotangulia nawakumbuka. Mmoja aligeuzwa wa kutumwa maandazi na ofisi nzima. Mwingine alilala. Huyu ameniamkia huku amepinda magoti. Tutaona.

Niandike na lile jingine, maana hapa hasomi mtu. Sionji. Tangu ile homa ya Machi ulimi umekufa, na pua nayo. Naangalia rangi ya chai, naangalia majani yaliyochemka, naangalia jina la kiwanda, nabuni. Mpaka sasa sijakosea sana. Hajui mtu. Naogopa.


Jumatano, 7 Mei

Msichana anaonja kimya kimya. Kijiko mdomoni, midomo imebanwa, husikii kitu. Nimemwambia chai ya hapa huvutwa kwa kishindo, ipande mpaka puani, la sivyo hujaonja, umekunywa tu. Nikamwonyesha. Mlio bado ninao. Akashtuka, akaangalia chini. Alipojaribu, ilikuwa kama mama anayepoza uji wa mtoto.

Athumani alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Bi Dorcas, huyu ni mtu wa Shika Adabu! Kelele atazitoa wapi?" Kadzo akatabasamu, leso mdomoni.

Chakula cha mchana nimekula stoo, peke yangu, juu ya kreti. Wali na maharage. Ningetafuna karatasi ingekuwa mamoja.


Ijumaa, 9 Mei

Kadzo nusura aanguke leo. Mikono inatetemeka, jasho jembamba usoni, moyo unamwenda mbio. Nikamketisha. Nikawaza mimba, maana wanawake wa umri wangu huanzia hapo. Umekula? Amekula. Umelala? Hajapata usingizi wa maana tangu aje. Ndipo nikaitazama ndoo yake ya kutemea. Kavu.

Amekuwa akimeza. Kila kikombe. Chai nzito, haina maziwa, haina sukari, asubuhi mpaka jioni, anameza. Nimemuuliza sababu, kwa ukali. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mama, nitatemaje mbele yako? Nyanya angenichapa."

Nilimfokea. Nilimwambia mezani hapa kutema ndiyo heshima. Aliyemeza kichwa kinamzunguka, na mwonjaji asiyejijua anadanganya watu. Maneno hayo yalinitoka kabla sijayasikia. Athumani ndiye aliyeniokoa. "Binti, sisi hapa twatema mbele ya meneja, wallahi, na mshahara twapokea." Kadzo akacheka huku bado anatetemeka. Mimi pia. Kicheko changu kilinishtua, kilikuwa cha kukwaruza.

Nimemrudisha nyumbani mapema. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla.


Jumapili, 11 Mei

Kanisani kulikuwa na wageni. Akina mama tuligawana mapishi, nikapewa kupika wali wa nazi kama desturi. Watu walinisifu. "Mungu akubariki, Mama Dorcas, chakula kizuri." Lakini sahani zilirudi na wali nusu. Mke wa mchungaji alikunywa maji, akaongeza, akaongeza tena. Mtoto mmoja mdogo alitema tonge, mama yake akamfinya.

Nilitia chumvi mara mbili. Nimekumbuka nilipofika nyumbani. Nilitia nikiwa na nazi mkononi, kisha nikatia tena wali ulipokauka. Na kanisa zima hakuna aliyefungua mdomo. Marehemu mume wangu Elijah angeniambia hata kabla hajaketi vizuri. "Dorcas, leo umenipikia bahari." Nilikuwa nikimkasirikia. Sasa natamani.

Mwanangu Peter amepiga simu kutoka Nakuru. Mama, uko salama? Salama. Umekula? Nimekula. Haya mama, tutaongea. Basi.


Jumanne, 20 Mei

Kadzo anatema. Bado anageuka pembeni kidogo na kujikinga kwa mkono, lakini anatema. Na mlio ameupata. Leo ulisikika korido nzima.

Tena ana ulimi. Ninajua, kwa sababu zamani nilikuwa nao. Nimemfundisha majina: ukakasi, ile hali ya kukaza ufizi, uchangamfu, uzito, moshi, kuungua. Anayajua siku hiyohiyo. Pale asipokuwa na jina anatoa lake. Kikombe kimoja cha leo alikivuta, akakunja uso, akasema, "Mama, hii ni godoro lililonyeshewa."

Mimi nilikuwa nimekipita. Rangi nzuri, majani mazuri, nikakipa sifa. Nikarudi, nikavuta tena. Maji ya moto. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Vizuri. Nilikuwa nakupima." Athumani akafuta, akaandika ukungu.

Nilikuwa nakupima. Nilisema hivyo bila hata kupepesa.


Alhamisi, 29 Mei

Imekuwa mtindo. Natangulia, navuta, natema, sisemi. Kisha: "Kadzo, wewe wasemaje?" Anasema. Natikisa kichwa. Athumani anaandika. Kila mtu anadhani nafundisha. Bwana Muriuki alisimama mlangoni leo akitazama, akasema laiti wakubwa wote wangelea wanafunzi namna hii. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini pia nafundisha, hilo si uongo. Nimemfundisha kutopaka mafuta yenye harufu akija kazini. Kutokula kitunguu wala pilipili mchana. Kumtazama mtu mkubwa usoni anapomwambia chai yake ni mbovu, na kutosema samahani. Nimemkalisha nikamhoji kama anayeomba kazi, akajibu akiangalia vidole vyake, nikamwambia vidole haviajiri mtu. Akarudia. Mara ya tatu aliinua uso.

Mimi pia kuna aliyenikalisha hivyo. Mzee mkali, Mungu amrehemu. Siku aliyostaafu alinipa kijiko chake. Kwetu sisi mtu hashiki kijiko cha mwonjaji mwingine, kwa hiyo nilielewa. Ndicho natumia hadi leo. Ukingo umelika.

Kadzo sasa anakula nami stoo. Yeye mhogo na samaki, mimi chochote. Tumepata kreti ya pili.


Jumamosi, 7 Juni

Athumani ameniletea pilau ya Idi kutoka kwa mkewe, kwenye sufuria yenye mfuniko wa kitambaa, mpaka nyumbani. Alikaa kidogo, akaenda kwa watu wake. Nilifungua. Mvuke ulinipiga usoni na hapakuwa na kitu ndani yake. Najua vilivyomo. Bizari, mdalasini, hiliki, nyama. Nimetafuna nikitaja moja moja kwa kumbukumbu.

Nimelia juu ya pilau ya watu. Mjinga mimi.


Jumatano, 18 Juni

Kadzo anajua.

Hakusema. Leo Bwana Muriuki aliketi nasi mezani na mgeni, mnunuzi. Isingewezekana kumuuliza mwanafunzi, wewe wasemaje, mbele ya mgeni. Nikaonja mwenyewe, mguu mmoja kaburini. Kadzo alikuwa ananitangulia upande wa pili wa meza, kama anayejifunza. Nilipofika kikombe cha katikati nikafungua mdomo kukisifu. Akagonga kijiko chake kwenye ukingo wa bakuli. Mara mbili. Taratibu, kama anayekung'uta matone.

Nikaufunga mdomo. Nikamtazama. Yeye anatazama chai. Nikasema, "Hii ina moshi." Mgeni akavuta, akasema kweli, Mama, una ulimi wewe.

Aligonga tena kwenye vikombe viwili mbele. Hakukosea. Wakati wa chakula tulikaa kwenye kreti zetu. Nilimpa andazi langu. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama, na hatukuligusa lile jambo. Ningeshukuru angeniuliza. Ningeshukuru pia asiniulize. Sijui nataka nini.


Jumatatu, 23 Juni

Amegonga mara nne leo. Nimekwishaizoea ile sauti. Usiku huu nyumbani bomba lilikuwa linadondosha kwenye beseni nami nikajikuta nasikiliza.


Ijumaa, 4 Julai

Nimefanya jambo baya. Niliandike upesi.

Bwana Muriuki aliniita ofisini. Kampuni itaajiri mwonjaji mmoja wa kufundishwa. Kazi kamili, si atachimenti. Atakaa meza ya juu, kule wanakochanganya chai, chini ya mwonjaji mwingine. Amemfikiria Kadzo. Anataka neno langu tu. "Mama, huyu msichana ameiva ama bado?"

Juu. Si kwangu. Niliona kreti moja stoo. Niliona meza na vikombe vyote vile, na hakuna wa kugonga. Nikasema, "Bado. Niachie miezi mitatu mingine, nimkaze."

Hata sikufikiri. Lilitoka laini. Akasema sawa, mama, wewe ndiye unajua, basi tutatangaza nafasi nje. Nikatoka. Kadzo alikuwa anasuuza vikombe na kuimba pambio. Akaniuliza kama nimechoka, anichemshie maji.

Msichana huyu anavuka feri kila siku kabla jua halijachomoza. Hakuna mtu kwao aliyewahi kuajiriwa kwa barua, ameniambia mwenyewe. Nami nimemfungia mlango ili nipate ulimi wa kuazima na mtu wa kula naye.


Jumanne, 8 Julai

Ameambiwa. Ofisini walimwita kumpa habari kwamba atachimenti yake imeongezwa, na katibu, ambaye hana siri, akamweleza na sababu. Mama Dorcas amesema hujaiva.

Alirudi mezani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, nilikuwa na maneno tayari, maneno ya watu wazima, kwamba haraka haina faida kwa kijana. Hakulia. Alisema, "Haya mama. Ahsante kwa kunifundisha." Akachukua kijiko chake.

Na akagonga! Kikombe cha tatu kilikuwa kimeungua, na akanigongea kama siku zote. Ningependa anitukane.

Mchana hakuja stoo. Amesema amefunga kwa maombi.


Alhamisi, 10 Julai

Amefunga tena. Kreti yake nimeigeuza, nimeweka mkoba juu yake ili isionekane tupu. Athumani amechungulia, akauliza, "Mwenzio yuko wapi leo?" Nikasema ana kazi. Akanitazama muda kidogo kisha akaenda kuswali.

Chai yote nzuri leo. Yeye amesema. Mimi nimeitikia.


Jumatatu, 14 Julai

Kadzo hakuja. Nyanya yake huko Kaloleni amelazwa, shangazi alipiga simu ofisini mapema.

Nilibaki na meza nzima. Upepo wa kusi unatikisa madirisha, mikono baridi. Nilivuta. Nilitema. Niliangalia rangi mpaka macho yakauma. Shehena moja ya kiwanda ninachokijua miaka na miaka, majani mazuri, rangi ya shaba, nikaisifu sana. Niliisifu kuliko nyingine kwa sababu hapo nilijiamini. Athumani akaandika.

Kila kikombe nilisubiri mlio wa kijiko chake. Hakuna.


Jumanne, 15 Julai

Bwana Muriuki aliingia na bakuli mkononi. Alilishika mbali na kifua chake. Mnunuzi amerudisha sampuli aliyopelekewa jana jioni. Ile shehena niliyoisifu ina mafuta ya taa. Gunia lilikaa karibu na mtungi mahali fulani njiani, majani yakanyonya harufu. Hata mtu wa getini, alipopitishiwa chini ya pua, alijua.

Aliliweka bakuli mbele yangu. "Mama Dorcas, hii chai uliionja ama uliiangalia tu?"

Hakujua amesema kweli tupu. Sikujibu. Na kwa kuwa sikujibu, alinijibia mwenyewe. Ana heshima, Bwana Muriuki. Hakutaka kumwaibisha mama wa makamo yangu mbele ya karani. Akasema, "Ni yule msichana wa atachimenti, sivyo? Umemwachia meza akachanganya. Si ulisema hajaiva. Tutaandikia chuo chake, tumalizane naye."

Alinipa mlango wazi kabisa. Ningetikisa kichwa tu.

Athumani alijua kwamba jana Kadzo hakuwepo. Alijua vizuri, yeye ndiye aliyepokea simu ya shangazi. Alishika daftari lake, akainamisha macho, akangoja. Hakutaka kunisemea wala kunisuta. Ndivyo tulivyo watu wa hapa, tutakuacha uzame taratibu kwa heshima zote. Kanisani wanakula chumvi na kukubariki. Kadzo ananigongea bakuli na kushukuru. Na mimi nilikuwa nimenyamaza pale, nikingoja heshima ya watu initoe.

Nikasema, "Kadzo jana hakuwepo. Ni mimi."

Nikaendelea, nisije nikaacha katikati. Kwamba sionji tangu Machi. Kwamba chai yote nzuri iliyotoka meza hii tangu Mei ameionja yule msichana. Kwamba ameiva, aliiva zamani, na nilisema hajaiva kwa sababu nilimtaka abaki kwangu.

Bwana Muriuki alikaa kwenye stuli ya Kadzo. Kisha akasema, "Mama, si ungesema tu." Basi, hivyo tu. Nimepewa likizo, niende kwa daktari, mengine tutazungumza.

Athumani alinisindikiza hadi getini amenishikia mwavuli na hakuna mvua. "Nimekuwa nikikungoja, Bi Dorcas," alisema. "Wallahi leo nilikungoja mpaka moyo wauma."


Ijumaa, 18 Julai

Daktari wa pua na koo. Kijana, mpole, anaongea akiandika. Amesema wengine hurudiwa na ladha na wengine hapana. Umri una mchango. Ninuse vitu kila asubuhi, limau, karafuu, kahawa, niufundishe ubongo upya.

Nimenusa limau. Nimenusa karafuu. Niko jikoni nanusa vitu visivyokuwepo. Watu wakinichungulia dirishani wataniita mwehu.


Jumamosi, 19 Julai

Nimevuka feri. Sikumbuki mara ya mwisho kwenda Likoni kumtembelea mtu.

Nyumba ya shangazi ni ya vyumba viwili, mlango una pazia la maua. Kadzo alikuwa amerudi jana. Nyanya yake ametoka hospitalini, anakula uji. Aliponiona alipinda magoti vilevile. Shangazi akaleta kiti, soda, feni akaielekeza kwangu, kisha akapata kazi ya ghafla uani.

Nilimwambia yote. Nilimwambia nilichosema ofisini mara ya kwanza na nilichosema mara ya pili. Nilisema nisamehe. Mtu wa umri wangu kumwambia hivyo mtoto wa watu, maneno hayatoki kirahisi, yalitoka vipande vipande.

Alivuta ncha ya leso muda mrefu. Halafu: "Nilijua huonji, mama. Tangu siku ile ya godoro. Sikuweza kukwambia. Nilisema moyoni, nikikwambia nitakuwa nimekuvua nguo." Na baada ya hapo, bila kuniangalia: "Lakini ile ya kusema sijaiva iliniuma. Iliniuma sana."

Nikamwambia hivyo ndivyo. Nilistahili kusikia.

Nilitoa kijiko kwenye mkoba, kimefungwa kwa kitambaa. Alijua ni nini. Alirudi nyuma, akasema hawezi kukigusa. Nikamshika mkono nikakiweka. Aliangalia ukingo uliolika, akaupitishia kidole, akaanza kulia, na mimi nikaangalia kalenda ya ukutani mpaka akamaliza.

Kuvuka kurudi nilisimama upande wa magari. Watu wengi, kila mtu na mtu wake.


Alhamisi, 31 Julai

Athumani amepiga. Kadzo amepewa kazi. Meza ya juu. Walimhoji watu watatu, na mmoja alimwambia jibu lake si sahihi, naye akamtazama usoni akarudia jibu lilelile. Athumani alisikiliza mlangoni, hana aibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nitastaafu mapema. Wamenikubalia vizuri, kwa barua ya heshima. Nimefurahi kwa ajili yake. Nimeandika nimefurahi na ni kweli. Pia nimekaa sebuleni tangu mchana sijawasha taa.


Jumapili, 3 Agosti

Peter alipiga. Uko salama? Nikasema hapana. Kisha akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kidogo. Kidogo tu. Amesema atakuja mwezi wa kumi na mbili, akipata ruhusa. Ataipata au hataipata.


Jumamosi, 9 Agosti

Karafuu asubuhi. Hakuna. Limau, labda kitu kidogo nyuma ya pua, labda nilikitamani tu.

Kadzo alikuja mchana bila kuarifu. Ana viatu vipya vya kazi, vinambana, alivivua mlangoni akatembea pekupeku. Alinieleza habari za meza ya juu. Bosi wake mpya hasemi salamu. Kazi ni ngumu. Siku ya kwanza alifika mbele ya ndoo akakumbuka nyanya, akafumba macho, akatema. Wengine wanamuuliza maswali juu ya kijiko, anawaambia ni cha mama mmoja.

Nilikuwa nimepika mchuzi wa samaki, wa nazi. Nilimpakulia. Akaonja kidogo kwenye kiganja, akasimama pale jikoni. Nikamwona anahangaika. Kisha akachukua mwiko, akagonga ukingo wa sufuria. Mara mbili.

Nikamwambia, "Hapana. Sema kwa mdomo."

Alipinda magoti kidogo, mazoea. Akainua uso. "Mama, chumvi imezidi. Huu mchuzi hauliki."

Hauliki! Amesema mbele yangu, jikoni kwangu. Nilishika meza. Tangu Elijah aondoke hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hilo ndani ya nyumba hii. Nilimwambia rudia, akarudia, akaanza kucheka, na nikacheka naye mpaka machozi. Tuliongeza maji. Tukaongeza tui na viazi. Kila mara anaonja, anasema bado mama, bado mama, mpaka akasema sasa. Tulikula wote wawili. Mimi kwa kumwamini.

Aliondoka mapema, shangazi hapendi achelewe. Nilimtazama mpaka kona ya duka.

Nyumba imetulia. Mchuzi umebaki wa kutosha kesho, nimeufunika. Ameosha sahani yake mwenyewe na kuiegemeza kando ya yangu.